Stanleyville Ingali Hai Florida

Mji wa Kisangani uliacha kuitwa Stanleyville mwaka 1966. Lakini Stanleyville nyingine ingalipo, na watu wanalipa ili kuiingia. Iko Tampa, jimbo la Florida nchini Marekani, ndani ya bustani kubwa ya michezo iitwayo Busch Gardens. Mgeni anapanda huko chombo cha reli kinachoangushwa karibu wima kutoka mita 60 hivi, kisha anatembea kidogo hadi sehemu iitwayo Congo. Hapo anaingia boti ya duara, analoa, anacheka, anaenda kula. Stanleyville hiyo ilijengwa katika miaka ya 1970, jina lenyewe likiwa limekwisha kufutwa kwetu. Kwa hiyo tusiseme walisahau kulibadilisha. Walilichagua. Na kwa muda bustani nzima ilikuwa na jina la The Dark Continent, yaani Bara la Giza.

Busch Gardens ilikuwa imefanya biashara hiyo ya Afrika tangu miaka ya 1960 ilipompata mshindani wa karibu. Tarehe 22 Aprili 1998 Disney ilifungua Animal Kingdom karibu na Orlando, safari ya saa moja na kitu kwa gari kutoka Tampa. Mwaka mmoja kabla, Busch Gardens ilikuwa imefungua sehemu mpya ya wanyama, Edge of Africa. Simba, viboko na gorila wako pande zote mbili, kwa hiyo wanyama peke yao hawakutosha kumvuta mteja. Disney ilileta lugha. Ilijenga kijiji cha Harambe (kwa e moja tu, walimu wetu wa tahajia wavumilie), chenye kuta za mtindo wa Lamu, maandishi ya Kiswahili, na historia ya kubuni ya koloni lililopata uhuru mwaka 1961. Kuna duka la Ziwani Traders, kuna Tamu Tamu, kuna Dawa Bar ambako dawa yenyewe ni pombe. Njia ya gorila iliitwa Pangani kwa miaka mingi, ingawa Pangani ni mji wa pwani ya Tanzania usio na gorila hata mmoja.

Wengi katika kitivo chetu wangeicheka Tampa na kuisifu Orlando. Mimi naiogopa Orlando zaidi. Stanleyville ni kosa linaloonekana kwa macho. Mkongomani yeyote anaweza kulionyesha kidole. Harambe ina maneno mengi sahihi, na usahihi huo ndio unaomfanya mgeni aondoke akidhani amekutana nasi. Lakini Kiswahili cha huko ni cha ukutani. Hakuna anayekitumia kudai deni, kugombania mpaka wa shamba au kumlilia mtu. Safari yao ya magari, Kilimanjaro Safaris, ilianza na hadithi ya kuwafukuza majangili, na kila abiria alirudi salama hotelini. Kwetu, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa Virunga waliuawa karibu na Rumangabo, pamoja na dereva wao na raia 4.

Basi tuitazame Virunga, maana ushindani wa namna hiyo uko nyumbani pia. Nchi tatu zinagawana gorila wa milimani. Rwanda inadai dola 1,500 kwa kibali kimoja tangu 2017, Uganda dola 800. Virunga ilidai 400 watalii walipokuwa wakija. Najua ni vita vilivyofunga mlango wetu, na hakuna neno zuri linaloweza kuzuia risasi. Lakini Rwanda ilifanya jambo ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita hivi hivi: tangu 2005 ina sherehe ya Kwita Izina, ambamo watoto wa gorila wanapewa majina ya Kinyarwanda mbele ya dunia, na wageni maarufu wanalazimika kujifunza kuyatamka. Jina linatoka kwa wenye lugha, mgeni analifuata. Tampa ni kinyume kabisa.

Sisi hapa Butembo tuna Tshiaberimu, au Kyavirimu kama Wanande tunavyosema, mlima wa mizimu. Mnamo Oktoba 2024 gorila wanne wa kike waliolelewa katika kituo cha GRACE, karibu na Kasugho, walipelekwa huko kuongeza kikundi kidogo kilichobaki. Habari hiyo niliisoma kwa Kiingereza na Kifaransa. Kwa Kiswahili nilihitaji kuuliza watu.

Na watu wana mengi ya kusema, wala si sifa tupu. Mutwanga wanazungumzia mipaka na mashamba. Kyavinyonge wanazungumzia samaki na ruhusa ya kuvua. Wazee wanajua majina ya vilima ambayo hayamo katika ramani yoyote ya watalii. Ningependa TFC mbili au tatu za mwaka huu ziandikwe juu ya maneno hayo, pamoja na yale ya ugomvi, badala ya nyingine tena juu ya matangazo ya kampuni za simu. Mada zinapokelewa na sekretarieti kabla ya likizo ya Pasaka, na mwalimu wa isimujamii amekwisha kusema yuko tayari kuzisimamia.