Pokémon: Mzazi, nunua mmoja, usinunue miwili

Wazazi wenye watoto wa shule za msingi wanalijua jina la Pokémon hata kama hawajui maana yake. Majirani wameniuliza, jamaa wameniuliza, na hata mwalimu mmoja ameniuliza: je, mchezo ule wa mashine ya kushikwa mkononi unastahili kununuliwa, ama ni pesa kutupwa baharini? Kwa kuwa nimeucheza tangu mwanzo hadi tamati, naona si haki ninyamaze.

Nauzungumzia ule uitwao Scarlet na pacha wake Violet, iliyotolewa tarehe 18 Novemba 2022 kwa mashine ya Nintendo Switch. Katika siku tatu za kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 10. Hata hivyo, wingi wa wanunuzi si ithibati ya ubora. Kasoro zilikuwa bayana: picha zilikwamakwama, na wahusika waliosimama mbali walitembea kwa mishtuko kama vikaragosi vya kamba. Mnamo Desemba mwaka uo huo wenye mchezo waliomba radhi hadharani. Mashine mpya ya Switch 2 ilipotoka Juni 2025, marekebisho ya bure yaliondoa sehemu kubwa ya kero hiyo, lakini kwenye mashine ya zamani picha zingali zikijikokota.

Linalonikera mimi hasa si hilo. Ni ule upacha. Tangu Pokémon za kwanza zilipouzwa Japani mwaka 1996, mchezo mmoja hutolewa kwa sura mbili, na kila sura hunyimwa viumbe kadhaa ambavyo mwenzake anavyo. Anayetaka kuvikusanya vyote sharti abadilishane na rafiki. Mwasisi wake, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu, na dhamira ya kuwakutanisha watoto wabadilishane walichonacho ni njema. Lakini, msomaji mpendwa, mfanyabiashara naye amejificha papo hapo, akingoja mtoto alie hadi mzazi anunue sura zote mbili, kila moja kwa takriban dola 60. Huko ni kulipia nyumba moja mara mbili kwa sababu milango imepakwa rangi tofauti!

Wapo wanaodai kwamba michezo hii huwapumbaza watoto. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Viumbe hivi vimegawanywa katika aina 18: maji hushinda moto, moto hushinda majani, majani nayo hushinda maji, na bado aina nyingine 15 zinangoja kukaririwa na kupimwa nguvu. Mtoto asiyefikiri hashindi. Isitoshe, wahusika hawasemi kwa sauti. Kila neno lao lazima lisomwe, na maneno ni mengi mno. (Lugha zilizomo ni tisa, Kiswahili hakimo. Hilo tutalizungumza siku nyingine.) Tena mchezaji ni mwanafunzi aliyeachiliwa kuizuru nchi nzima, akichagua mwenyewe aanzie wapi miongoni mwa safari tatu. Uhuru huo ndio ulionivuta. Nilipanda milima ambayo hakuna aliyenituma kuipanda.

Basi uamuzi wangu ni huu. Ikiwa mashine tayari imo nyumbani, nunua sura moja, na mtoto wa jirani anunue ya pili. Wakiketi pamoja watabadilishana bila malipo, ilhali kubadilishana kwa njia ya intaneti hudai ada ya uanachama. Nunua ile ya kadi, si ya kupakuliwa, maana kadi unaweza kuiuza hamu ikiisha. Ile nyongeza iliyotolewa mwaka 2023 kwa takriban dola 35 usiikimbilie kabla mtoto hajamaliza alichonacho. Na ikiwa mashine haimo, usiinunue kwa ajili ya mchezo huu pekee. Bei yake ni mara tatu ya mchezo au zaidi, na karo ya muhula ujao haingoji.

Jambo la mwisho kwa wenye watoto zaidi ya mmoja: mchezo huhifadhi safari moja tu kwa kila mtumiaji. Mfungulie kila mtoto jina lake kwenye mashine siku ya kwanza. La sivyo, atakayetaka kuanza itambidi aifute safari ya nduguye, na wewe ndiwe utakayeitwa usiku kuamua kesi.