Konokono Asisahauliwe katika Vita dhidi ya Kichocho

Jamii ya moluska ni pana kiasi kwamba jamaa zake hawafanani kwa sura. Pweza anayeuzwa jioni Forodhani, chaza anayeokotwa na kina mama maji yanapokupwa, na konokono anayetambaa juu ya majani ya bwawa, wote ni wa ukoo mmoja. Wana mwili laini usio na mifupa, uliofunikwa kwa utando wa nyama. Kwa konokono na chaza, utando huo ndio unaotengeneza gamba la chokaa. Pweza hana gamba hilo.

Faida za wanyama hawa ni bayana. Pwani, wavuvi husomesha watoto kwa pweza na ngisi. Chaza hutoa kitoweo na lulu. Kauri ziliwahi kuwa fedha Buganda. Ndiyo maana, moluska anapotajwa, hesabu huwa ya mapato. Hasara yake haiandikwi, nayo hulipwa zaidi na watoto.

Konokono wadogo wa maji baridi ndio wanaoeneza kichocho. Unguja na Pemba, wale wa Bulinus hueneza kichocho cha mkojo; kandokando ya Ziwa Victoria, wale wa Biomphalaria hueneza kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hutoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa, huanguliwa majini, na mabuu yake humwingia konokono. Baada ya wiki chache, konokono mmoja huweza kutoa maelfu ya vimelea vinavyopenya ngozi ya afuaye au aogeleaye. Robert Leiper alithibitisha nafasi ya konokono huko Misri mwaka 1915.

Hata hivyo, kampeni nyingi bado hutegemea vidonge pekee. Prazikwanteli ni dawa nzuri: huua minyoo iliyokomaa. Lakini haizuii maambukizi mapya. Mtoto aliyeimeza shuleni leo, kesho akachota maji katika bwawa lilelile, hurudi alikotoka. Kumlaumu si haki, maana hana maji mengine.

Wapo wanaopinga kuua konokono kwa sababu niklosamaidi huua samaki pia. Hoja hiyo ni ya kweli, na mvuvi asipuuzwe. Jibu lake ni kuitumia dawa kwa kipimo, pale tu watu wanapoingia majini na konokono wanapopatikana, sambamba na kufyeka magugu, kuchimba visima na kujenga vyoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 nao unaelekeza vidonge viambatane na udhibiti wa konokono, maji salama na usafi wa mazingira.

Bajeti ya kichocho isiyotenga fungu kwa ajili ya bwawa itanunua vidonge vilevile kila mwaka. Mganga anayehesabu wagonjwa hana budi kujua pia wanakochota maji.