Neno "Kazi" Mbele ya Hakimu

Liko neno moja katika Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ambalo limewapatia watu nyumba na kuwatoa wengine mikono mitupu. Neno hilo ni kazi. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyochuma mume na mke kwa juhudi zao za pamoja, pale inapotoa talaka au amri ya kutengana. Hakimu ameagizwa apime mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi.

Je, kupika ni kazi? Kulea watoto ni kazi? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika juu ya jambo hili kwa miaka zaidi ya kumi. Wapo walioshika kwamba hayo ni wajibu wa mke tu, hayaleti tofali wala bati. Wengine wakasema mke anayetunza nyumba ndiye anayempa mume nafasi ya kuchuma, basi naye amechuma. Hivyo mwanamke aliyeshinda kwa jaji huyu angeweza kushindwa kwa jaji yule, na sheria ni ile ile.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ililimaliza jambo hilo katika shauri la Bi Hawa Mohamed. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliuliza sheria ilitungwa iponye dhara gani, wakaona ni dhara la wanawake walioolewa kunyonywa na kukandamizwa na waume zao kwa mazoea ya jadi. Wakaamua kuwa kazi za nyumbani zimo ndani ya neno kazi. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia mradi alizipoteza, ikazihesabu kuwa ndilo fungu lake. Lakini msimamo ule ulibaki, na wanawake wasiomfahamu wanaufaidi hadi leo.

Wapo wasomi wanaonung'unika kwamba majaji wale walilinyoosha neno kupita kiasi, wakajitwalia kazi ya Bunge. Nawaomba wakisome tena kifungu. Fedha imetajwa, mali imetajwa, kisha kazi ikatajwa peke yake. Kama kazi ingekuwa na maana ya ile inayolipwa mshahara tu, neno fedha lingetosha, na watunga sheria wangekuwa wameongeza neno la bure. Anayelipunguza neno hilo ndiye anayeibadilisha sheria. Kenya hawakuwaachia majaji wabishane: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imeandika wazi kuwa mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shamba, hata kuwa mwenzi wa mwenzako.

Hata hivyo, neno kuwamo katika sheria si kushinda shauri. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema kuwa usawa wa wanandoa katika Katiba ya 2010 haumaanishi kila mmoja kupewa nusu moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe. Kwetu Tanzania pia kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Naona ni haki, maana wapo wanaodai wasichokitolea jasho. Lakini hapo ndipo akina mama wanapoangukia. Mama anasimama kizimbani, anaulizwa, "Unafanya kazi gani?" Anajibu, "Sina kazi, nipo nyumbani tu." Maneno hayo huandikwa. Amelima, ameuza maandazi, amemuuguza mama mkwe, amewapikia mafundi waliojenga nyumba inayogombewa, kisha kwa kinywa chake amejitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe!

Dada zangu, liacheni jibu hilo. Semeni mlichofanya, mwaka kwa mwaka, na mleteni shahidi aliyekiona. Na ninyi akina baba mnaosimama upande wa pili, mnajua nani alipokea mchanga na saruji mlipokuwa safarini. Mmeapa kusema kweli. Isemeni, hata ikiwapunguzia vyumba viwili.

Kwenu waheshimiwa mahakimu wa Mahakama za Mwanzo, ambao mmesikiliza watu kwa Kiswahili tangu zamani, mzigo wenu ni mkubwa kuliko wa majaji walio juu. Rufaa hubebwa na yale mliyoandika ninyi. Mdai akisema hana kazi, msiweke kalamu chini. Muulizeni nani alikuwa akilisha nyumba mshahara ulipochelewa, nani alilala hospitali na watoto, nani alipalilia shamba lililouzwa kununulia kiwanja. Majibu yake yaingie yote katika mwenendo wa shauri, kwa maneno yake mwenyewe, kabla hamjagawa hata kiti kimoja.