Akili mnemba na damu: Kwa nini Mbulu na Hanang zisiachwe nyuma

Ukishaambiwa wewe ni O+, unaona habari imeisha. Bado.

Juu ya chembe nyekundu za damu kuna alama zaidi ya 300, zinaitwa antijeni. Hospitali zetu nyingi hupima ABO na Rh, kisha huchanganya sampuli ya mgonjwa na ya chupa kuona kama zinapatana. Kwa anayeongezewa damu mara moja, mara nyingi inatosha.

Shida iko kwa anayeongezewa kila mara, kama mtoto mwenye selimundu. Mwili wake unaweza kuziona alama za mchangiaji kuwa ngeni na kutengeneza kingamwili. Safari inayofuata, chupa yenye kundi sahihi inaweza kumdhuru.

Wenzetu wamefika wapi?

Vipimo vya vinasaba husoma alama nyingi kwa mkupuo. England ilianza kuwapima hivyo wagonjwa wa selimundu na thalasemia Januari 2024. Finland, watafiti wameifundisha kompyuta kutabiri alama hizo kutoka kwenye data za wachangia damu.

Tatizo: mashine inajua ilichofundishwa

Mfano ni alama ya Duffy. Waafrika wengi hawana alama hiyo kwenye chembe nyekundu, kwa sababu ya badiliko dogo kwenye kinasaba. Kipimo kisichoangalia badiliko hilo kitasema alama ipo, kumbe haipo.

Sasa fikiria Mbulu na Hanang: Wairaqw ni Wakushi, Wadatoga ni Waniloti, Wanyiramba ni Wabantu, na Bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Mashine iliyofunzwa kwa damu za Wafini itabahatisha tu hapa. Bila sampuli za watu hawa, kwa ridhaa yao, teknolojia itakuja ikiwa nusu.

Tuanzie wapi?

Kwenye kumbukumbu. Kingamwili zinaweza kufifia baada ya muda, kipimo kikaonyesha mgonjwa yuko salama. Mtoto wa Katesh akitibiwa Haydom leo na KCMC Moshi mwakani, historia ya damu yake lazima isafiri naye. Hilo halihitaji mashine ya mabilioni.

Na tusijidanganye: akili mnemba huchagua chupa, haiijazi. Kuijaza ni kazi yako wewe mchangiaji.