Neno "Interest": Hamu, Riba na Haki

Juma hili tumelichagua neno la Kiingereza ambalo watoto wetu hulisoma darasani bila taabu, nasi watu wazima hutia saini chini yake bila kuliuliza: "interest".

Mwanafunzi akiambiwa ana "interest" katika hisabati, anasifiwa hamu yake. Kwa wanasiasa neno hilo ni maslahi. Katika karatasi ya mkopo ni riba, ile iliyoharamishwa katika Surat al-Baqarah. Na katika hati za ardhi ni haki aliyo nayo mtu juu ya kiwanja au shamba. Kiswahili kimeyapa mambo haya majina manne. Kiingereza kimeyafunga katika furushi moja.

Asili yake ni Kilatini, "interesse", yaani kuwa baina. Katika Ulaya ya zama za kati Kanisa lilikataza riba, ikiitwa "usura". Hata hivyo wanasheria waliruhusu mkopeshaji afidiwe hasara iliyompata kwa kucheleweshewa mali yake, na fidia hiyo ndiyo iliyoitwa "interesse". Polepole jina la fidia likavishwa riba yenyewe. Mwaka 1545, enzi za Mfalme Henry VIII, sheria ya Uingereza ikaihalalisha hadi asilimia 10 kwa mwaka. Nasi tusijione tumesalimika: ni mara ngapi tumesikia riba ikiitwa "faida"?

Linalotushughulisha zaidi, hata hivyo, ni ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 humruhusu mtu anayedai "interest" katika ardhi kuomba zuio liandikwe katika daftari la msajili. Maadamu zuio hilo lipo, muamala unaopingana na dai lake hausajiliwi ila kwa idhini yake au kwa amri ya mahakama. Mjane anayengojea mirathi igawanywe, akilidhania neno hilo kuwa ni riba na kuisukuma fomu kando kwa uchamungu, atakuwa ameiacha kinga yake mwenyewe.

La hatari zaidi ni karatasi isemayo kwamba mtu ameachilia "interest" yake yote katika mali ya marehemu. Dada huletewa karatasi kama hiyo na nduguze, akaambiwa ni jambo la kawaida, atie saini tu. Hapo hajasamehe riba ya mtu yeyote. Ametoa fungu alilogawiwa na Mola wake.

Basi tutazame neno limekaa na nani. Likiandamana na asilimia na muda wa kulipa, ni riba. Likifuatwa na ardhi, nyumba au mirathi, ni haki, na karatasi hiyo isitiwe saini mpaka isomwe kwa Kiswahili na mtu asiye na fungu katika mali hiyo.