Nesi na Malezi, Sehemu ya 9: Mama, usilitupe hilo gari la waya

Leo nina ugomvi kidogo na nyie, ila ni ugomvi wa ndugu.

Tunatupa magari ya watoto wetu. Mtoto ameshinda siku mbili anakunja waya, amekata ndala kuukuu akapata matairi manne, amepata na usukani wa kuongozea akiwa amesimama. Analiegesha nyuma ya mlango, anakwenda shule. Akirudi, mama amefanya usafi, gari liko jalalani. Akilia anaambiwa, "Acha uchafu wako, nitakununulia la dukani."

Mimi nasema hapo tumekosea, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Huku kwetu Nyangamara, na Lindi yote kwa jumla, mtoto haundi gari la kubahatisha. Anaunda analoliona. Msimu wa korosho ukifika, malori yakianza kupishana barabara ya Lindi kwenda Masasi, utaona na watoto wanaunda malori, yana tela na turubai la mfuko wa rambo. Wenzao wa Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, kwa kuwa wanaona bahari, wanachonga vijahazi vyenye tanga. Ni kazi ile ile: macho yameona kitu kikubwa, mikono inakirudisha kikiwa kidogo.

Na hiyo si kazi ndogo jamani. Japani, Ulaya na Marekani kuna watu wazima, wana kazi zao na familia zao, wananunua boksi lenye vipande vya plastiki, wanaunganisha gari, wanalipaka rangi, wanaliweka kwenye kabati la kioo wageni waone. Kampuni kama Tamiya ya Japani inauza magari ya kipimo cha 1:24. Maana yake sentimita 1 ya gari dogo ni sentimita 24 za gari la kweli. Basi la mita 12 linakuwa la sentimita 50. Gari dogo la familia lenye urefu wa mita 4.8 linakuwa sentimita 20.

Sasa mama, hiyo ni hesabu ya kugawanya, na mwanao anaifanya bila kalamu. Akikwambia "hili tairi kubwa mno, gari linaonekana kama trekta," ujue amepima kwa jicho. Mshike mkono, mpe rula, mwambie "tupime meza, kisha tuitengeneze ndogo mara kumi." Amejifunza uwiano kabla mwalimu hajauandika ubaoni. Na ule mkono unaokunja waya ndio huo huo utakaoshika kalamu, sindano, au spana.

La dukani lenye taa na muziki silikatai. Ila mtoto analiangalia tu likienda, betri ikiisha na mchezo umeisha. La waya likivunjika, fundi ni yeye mwenyewe.

Najua mtaniambia, "Nesi, atajikata, apate pepopunda." Hofu hiyo ni ya kweli na naiheshimu. Lakini dawa ya hofu si kutupa gari. Bati na kopo akate mtu mzima, kingo zikunjwe ndani. Ncha za waya zikunjwe zirudi zenyewe zisibaki kama sindano. Mtoto mdogo atumie boksi, mabua ya mtama, au mlingoti wa mkonge uliokauka, ni mwepesi na unachongeka. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo.

Akijikata, osha kwa maji safi mengi na sabuni, bana kwa kitambaa safi damu ikate. Usiweke majivu, usiweke mafuta ya taa, usiweke kinyesi cha ng'ombe. Kidonda kikiwa kirefu, au kimeingia uchafu au kutu, njoo naye kituoni pamoja na kadi ya kliniki. Ile chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya pepopunda ndani yake, kwa hiyo tukiiona kadi tunajua pa kuanzia.

Ila mimi kama nesi, kinachonitisha zaidi si waya. Ni hivi vinavyozunguka gari, na vingi tunaviweka sisi wakubwa.

Cha kwanza ni thina na petroli kwenye chupa ya soda. Kaka mtu anataka kupaka gari rangi, anachukua thina kidogo, anamimina kwenye chupa ya soda au ya maji. Mdogo wake ana kiu. Mama, mtoto akinywa thina, petroli au mafuta ya taa, USIMTAPISHE. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayoua. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi, mkimbize hospitali, na chupa ubebe tuione.

Cha pili ni rangi yenyewe. Rangi nyingine za mafuta, hasa za zamani, zina risasi ndani yake. Si risasi ya bunduki, ni madini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na madhara yake makubwa kwa mtoto yako kwenye ubongo. Mtoto anashika gari, kisha anaweka mkono mdomoni. Kwa hiyo asikwangue rangi ya mlango wa zamani, wala asicheze na vipande vya betri chakavu la gari. Ule unga mweusi wa betri za redio nao si rangi ya kuchezea. Mkaa uliosagwa unatoa weusi mzuri, udongo mwekundu unatoa wekundu, changanya na ule uji wa muhogo. Ukinunua rangi, nunua ya maji yenye lebo inayosema haina risasi.

Cha tatu ni betri ndogo za duara, kama za saa. Hizi ziko kwenye magari mengi ya dukani yenye taa. Ikikwama kooni inaanza kuunguza, na ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeharibu vibaya. Mtoto anatoa udenda, anakohoa, anakataa kula, wewe unafikiri ni mafua. Ukihisi tu amemeza, usisubiri itoke kwa choo. Njoo siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

Cha nne ni vipande vidogo. Chukua ule mrija wa karatasi unaobaki toilet paper ikiisha. Kitu chochote kinachopita humo ndani kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Vizibo vya soda vinapita. Matairi madogo ya ndala yanapita.

Cha tano ni barabara. Gari lenye usukani mrefu linataka kukimbizwa, na mtoto akikimbiza gari lake hasikii bodaboda. Uwanja wa kuendeshea uwe ndani ya kijiji, mbali na lami.

Baada ya hayo, lipe gari mahali. Ubao mmoja na misumari miwili, juu kidogo ambapo mdogo hafiki, hiyo ni rafu tayari. Mgeni akija, mwambie mtoto amweleze alivyoliunda. Utaona anavyosimama wima! Mtoto ambaye kazi yake imewekwa ukutani anajua nyumbani kwao anahesabiwa.

Na tafadhali, msiseme ni mchezo wa wavulana. Binti anayesuka ukili wa mkeka anaelewa mistari na vipimo kuliko kaka zake wengi. Mpe naye waya.

Tunataka watoto wawe mainjinia na mafundi, tunawaombea usiku, halafu asubuhi tunafagia karakana yao. Watoto wetu wana akili hiyo tayari, wanachokosa ni mtu mzima wa kukata bati, kuficha thina na kupigilia rafu. Mtu huyo ni mimi na wewe.

Wiki hii mruhusu aunde moja, kisha nitumie picha ya gari. Ya gari tu, sura ya mtoto usiweke mtandaoni. Sehemu ya 10 tutaongea kuhusu mtoto aliyeungua na uji wa moto. Mtumie mama mwenzio hii, hasa ile ya chupa ya soda.