Sheria ya Kulea Watoto Ivuke Mto

Leo twataka kusema juu ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana.

Sheria yenyewe ni njema. Bunge liliitunga ya kwanza mwaka 1981; mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto, ikaifuta ile na kushika mahali pake. Kwa sheria hii hakuna ruhusa ya kufungua kituo bila kibali cha Ustawi wa Jamii, na kituo lazima kikaguliwe. Nani atapinga? Apokeaye watoto wa wenzake, wasioweza hata kujisemea, sharti ajulikane ni nani, na choo chake, maji yake na chakula chake vitazamwe.

Lakini natuutazame mto. Makao ya Wilaya yako Kibiti, kando ya barabara kuu iendayo kusini. Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni na Msala ziko ndani ya delta ya Rufiji, kati ya mikoko, na safari ya huko yangoja maji kujaa na kupwa. Mama wa huko hulima mpunga. Msimu wa kuulinda na ndege na nguruwe, jamaa nzima huhamia shambani kwenye dungu. Mtoto wa miaka 5 ana darasa la awali, ikiwa shule i karibu. Wa miaka 2 ana nini? Huachiwa bibi yake, au dada mdogo aliyekosa shule siku hiyo, na mto u hatua chache. Au jirani mwema huwakusanya watoto uani kwake. Jirani huyo ndiye kituo, ajapokuwa hana kibao mlangoni.

Sasa twauliza: kibali atakifuata vipi? Awaache watoto, apande boti, alale Kibiti, kisha arudi kungoja mkaguzi? Akifungiwa, watoto hawaendi kwenye kituo kilicho bora. Wanarudi ukingoni mwa mto. Akiachwa bila kukaguliwa, hatari iko palepale, maana wema wa moyo hauchimbi choo wala haujengi ua mbele ya maji.

Wako wasemao sheria ilegezwe kwa watu wa vijijini. Hatukubali hata kidogo. Mtoto wa Msala hakuzaliwa na nusu ya haki. Ukaguzi ndio umfuate. Sheria hiyo hiyo imezipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda watoto wa maeneo yao.

Basi twadai mambo matatu. Afisa Ustawi wa Jamii apewe boti na siku maalumu za kwenda delta, hata kwa kufuatana na wauguzi waendao kuchanja. Maombi ya kibali yapokelewe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Na ziara ya kwanza iwe ya kufundisha na kusahihisha. Adhabu iwe ya mkaidi.

Nasi tusikae tukingoja. UWT iliundwa mwaka 1962, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Bibi Titi Mohamed, aliyepata kuwa Mbunge wa Rufiji. Na vituo vya watoto vilikuwa miongoni mwa kazi za akina mama hao. Kila tawi la delta liwajue walezi wa kijiji chake, lisaidie kuchimba choo na kujenga ua, kisha lipeleke majina Kibiti na kudai mkaguzi aje.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Taifa nalo ni hivyo hivyo.